Mgongo wa Fundi Neti

Kitu cha kwanza alichokiona mkaza mwana ni kwamba cherehani ilikuwa inakosa pumzi. Ilikwenda kidogo, ikanyamaza, ikaenda tena, ikanyamaza. Kila iliponyamaza, mguu wa kulia wa baba mkwe wake ulipanda kuukuna wa kushoto, ukashuka, kazi ikaendelea. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka akikata nyuzi zilizobaki kwenye vyandarua, kwa hiyo macho yake yalikuwa sawa na vifundo vya miguu ya mzee. Wengine wa nyumba ile waliufahamu uso wake. Yeye aliifahamu miguu.

Hakusema kitu, na hilo halikumshangaza mtu. Msichana alikuwa mkimya kiasi kwamba kinyozi, ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyumba yao, alishawahi kumuuliza mama mkwe kama mkwe wao huwa anaongea, au maneno yote mumewe ameondoka nayo kwenye lori analoendesha.

"Anaongea," alijibu mama mkwe. "Ila si na wewe."

Mzee mwenyewe mtaa mzima ulimwita Fundi Neti. Alishona vyandarua katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na vilivyokamilika vilining'inia darini, vyeupe na vya buluu, hata mteja akiingia alilazimika kuvitenga kwa mikono ili amwone anayezungumza naye. Ukutani nje alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAPA MBU HAPITI. Aliyaamini maneno hayo kuliko jina lake. Mtu akiugua malaria mtaani, Fundi alikwenda kumtazama, na kabla ya kumpa pole alimuuliza, "Ulilala ndani ya neti?" Mgonjwa akisita kujibu, hotuba ilianza.

Chini ya meza ya cherehani kulikuwa na mabeseni ya maji. Humo aliloweka kanda za pamba za kushonea pindo la juu, maana ukanda usiolowekwa hunywea ukifuliwa, na chandarua hujikunja kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu. Maji yalikuwa safi, na Fundi hakutaka yamwagwe. Yakipungua, aliongeza. Vikionekana vidudu vinavyojipinda ndani yake na kuzama ukisogeza kivuli, mama mkwe alisema hiyo ni dalili kwamba maji hayana sumu. Mbu, kwa maelezo ya Fundi, huzaliwa kwenye uchafu, na uchafu wote wa mtaa ulikuwa katika mfereji uliopita nyuma ya kibanda cha kinyozi.

"Wale mbu ni wako," alimwambia kila walipokutana.

"Wangekuwa wangu ningewanyoa," alijibu kinyozi.

Jioni ile Fundi aliacha kazi mapema. Alisema mwanga unamchoma.

Asubuhi hakuamka. Mkewe alimgusa paji la uso, akautoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria.

"Una homa."

"Sina."

"Unachemka, mume wangu."

"Chumba ndicho kina joto." Alijaribu kukaa, akashindwa, akalala tena taratibu kama mtu anayerudisha chombo cha watu. "Kichwa tu. Na macho. Yanauma kwa nyuma, kama kuna mtu humo ndani anayasukuma yatoke. Na viungo. Hata kidole hiki kidogo kinauma, na sijakifanyisha kazi yoyote."

"Hiyo ni malaria. Twende zahanati."

Fundi alifumbua jicho moja. "Malaria. Mimi. Unataka nipite na malaria mbele ya kibanda cha yule mtu?"

Mkewe na yeye alikuwa amemwona kinyozi moyoni mwake, amesimama mlangoni na mkasi mkononi, akiuliza kwa sauti ya upole, "Ulilala ndani ya neti?" Na baada ya kinyozi wangekuja wateja. Nani ananunua mwavuli kwa mtu aliyelowa?

"Basi tuseme nini?" aliuliza.

"Mgongo," alisema Fundi. "Fundi cherehani akiumwa mgongo ni heshima. Ni kazi hiyo."

Mkaza mwana alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Mama mkwe alimgeukia. "Umesikia, mwanangu. Baba yako ana mgongo."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Katika nyumba nzima hakuna ambaye ilikuwa rahisi zaidi kumkabidhi siri. Ila akiwa jikoni alijiuliza mgongo gani unaomfanya mtu atetemeke chini ya mablanketi, halafu ayatupe, halafu aombe kidirisha kizibwe kwa kanga ili mwanga usiingie.

Habari za mgongo zilitembea vizuri. Zilitembea vizuri mno. Kabla ya jua kuwa kali, kinyozi alikwisha kuingia, akavitenga vyandarua kwa mikono yote miwili, akaelekea chumbani bila kungoja kukaribishwa.

"Mzee Neti. Nasikia mgongo."

"Mgongo," alisema Fundi kutoka chini ya blanketi.

"Umri huu, mzee. Jana ulifanya nini?" Kinyozi alimtazama mama mkwe, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Shemeji, uwe unamhurumia. Vipuri vyake haviuzwi tena."

"Ondoka na mdomo wako," alisema mama mkwe, lakini alicheka, na kicheko kilimpa nguvu ya kudanganya zaidi. "Aliinua cherehani peke yake. Nimemwambia aite watu, hasikii."

"Mbona anatoka jasho hivyo?"

"Ni maumivu."

"Na macho mekundu?"

"Amelia," alisema mama mkwe, na chini ya blanketi mguu wa Fundi ulitafuta wake uukanyage, ukaukosa.

Kinyozi aliguswa. Yeye na Fundi walikuwa wamebishana kwa miaka mingi, na mtu unayebishana naye kila siku huwezi kuvumilia kusikia amelia. Alitoka, akarudi na karatasi ya vidonge, ile ya fedha inayobonyezwa.

"Diklofenaki. Hivi ndivyo vinavyonisimamisha mimi. Kusimama na vichwa vya watu kutwa, unafikiri nina mgongo wa chuma? Meza kimoja sasa hivi nikuone."

"Baadaye," alisema Fundi.

"Sasa. Nakujua, utaviweka dirishani."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama mkaza mwana, naye akatazama sakafu. Mtu anayeumwa mgongo hana sababu ya kukataa dawa ya mgongo. Fundi alimeza. Kinyozi alingoja mpaka kidonge kikapita kooni, akaridhika, akaacha karatasi yote juu ya kiti.

Ubaya ni kwamba kidonge kilimpa nafuu. Viungo vililegea, akalala kidogo. Kwa hiyo alimeza kingine, na siku iliyofuata akameza vingine, na kila kinyozi alipochungulia kuuliza hali alipata majibu mazuri, akajiona daktari. Chakula Fundi hakukitaka. Maji alikunywa kwa kulazimishwa, kidogo kidogo, kama mtoto anayekunywa mbele ya mgeni.

Halafu homa ikaondoka. Iliondoka yenyewe, asubuhi moja, na mwili ukawa wa baridi. Mama mkwe aliita kutoka chumbani kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu harusi ya mwanawe.

"Amepona. Mkwe wangu, njoo umshike, amepona."

Hakuonekana kama mtu aliyepona. Alionekana kama mtu aliyefuliwa na kusahauliwa kwenye kamba. Kifuani alikuwa na vipele vidogo vyekundu, vilivyotapakaa mpaka mikononi, na mkewe akasema ni joto la blanketi. Fundi alitaka kitu kimoja tu, akae kwenye cherehani mlango ukiwa wazi, ili mtaa umwone. Walimwegemeza kitini. Mkaza mwana akarudi mkekani pake.

Alishona pindo moja, polepole. Kisha akafanya kama alivyofanya siku zote: hakutafuta mkasi, aliinama akaukata uzi kwa meno. Uzi ulikuwa mweupe. Ncha yake ilianguka mbele ya msichana, na ncha ile ilikuwa nyekundu.

Aliiokota. Akainua macho kutoka miguuni, jambo ambalo hakulizoea, akamtazama baba mkwe wake usoni. Fizi zilikuwa zinatoka damu. Fundi alijifuta kwa kiganja, akakitazama kiganja, akakificha chini ya meza. Wakatazamana. Msichana akafungua mdomo, na kabla halijatoka neno, mzee alijikunja akashika tumbo, akatapika juu ya chandarua alichokuwa amekimaliza.

"Mgongo umehamia tumboni," alisema mama mkwe akiwa mbio, lakini safari hii alikuwa anajidanganya mwenyewe, na sauti yake ilijua.

Alitapika tena, na tena. Kinyozi alimwacha mteja na upande mmoja wa kichwa, akaita teksi. Walimtoa Fundi akiwa amefungwa shuka, watu wakiwa wamesimama milangoni. Mmoja aliuliza kuna nini.

"Mgongo," alijibu kinyozi kwa ukali, kama kwamba huo mgongo ulikuwa wake.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo mwenye miwani mikubwa, na foleni yake ilifika nje. Alipomwona Fundi akiingia ameshikwa huku na huku, aliwasimamisha wengine.

"Mzee wangu, unaumwa nini?"

"Mgongo," alinong'ona Fundi.

Daktari alifunua shati, akaangalia vipele. Akaangalia fizi. Akabonyeza tumbo, na mzee akaguna.

"Homa ilianza lini?"

Mama mkwe alitupa jicho kwa kinyozi aliyekuwa amesimama mlangoni. "Homa?" alisema. "Homa, hapana. Ni kuinua cherehani."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama yangu, nikimtibu mgongo, nitamkosa yeye. Niambie."

Mama mkwe alishika ncha ya kanga yake, akaisokota, akaisokotoa. Kisha akasema yote kwa mkupuo mmoja, bila kumwangalia mtu: homa iliyokuja ghafla, macho yaliyouma kwa nyuma, viungo, mwanga, na jinsi homa ilivyoondoka asubuhi ile wakafurahi.

Kinyozi alisikiliza mdomo wazi. "Kumbe hakulia," alisema.

"Amekunywa dawa gani?" aliuliza daktari.

"Hakuna," alisema Fundi.

"Hakuna," alisema mama mkwe, maana mwenye dawa alikuwa pale pale mlangoni, na hata katika hali ile hakupenda kumwaibisha jirani mbele ya watu.

Mkaza mwana alikuwa nyuma yao wote, ameegemea ukuta. Alisogea mbele, akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akaiweka juu ya meza ya daktari ile karatasi ya fedha. Ilikuwa imebonyezwa karibu yote. Akarudi ukutani.

"Hizo ni zangu," alisema kinyozi. Sauti yake ilikuwa imekonda. "Nilimpa za mgongo. Waliniambia mgongo."

Daktari hakumgombeza. Alitoa damu, akaipeleka kupimwa, na alipopata majibu aliwaita.

"Malaria hana," alisema.

Fundi alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba na mpira wa maji ya dripu mkononi. Aliinua kichwa kwa shida kubwa. "Nilisema," alimwambia mkewe. "Si mbu."

"Ni mbu," alisema daktari. "Hii ni dengi. Wengine huiita kidingapopo."

Kichwa kilirudi kwenye mto.

"Lakini analala ndani ya neti," alisema mama mkwe. "Kila usiku. Daktari, huyu anazishona."

"Mbu wa malaria anauma usiku. Huyu anauma mchana, asubuhi na jioni hasa, mtu akiwa kazini kwake. Ana madoa meupe miguuni. Na hapendi mifereji michafu, anataka maji yaliyotulia kwenye vyombo. Ndoo, pipa, tairi, sahani ya chungu cha maua."

"Beseni?" aliuliza mama mkwe.

"Beseni analipenda sana."

Kinyozi alikohoa. Akakohoa mara ya pili.

Daktari aliendelea taratibu, akimwangalia mama mkwe ili aelewe. Dawa ya kumuua kirusi huyu haipo. Mgonjwa hupumzishwa, hunyweshwa maji mengi, na homa na maumivu hutulizwa kwa parasetamo kwa kiasi kilichoandikwa. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zote hizo hapana, kwa sababu huongeza kuvuja damu, na dengi yenyewe tayari imeshapunguza zile chembe zinazoizuia damu isivuje. "Na homa ikishuka ndipo watu hufurahi," alisema. "Ndipo sisi tunaanza kuogopa. Wengi hupona hapo. Lakini mtu akiumwa tumbo sana, akitapika bila kuacha, akitoka damu puani au kwenye fizi, akilegea, analetwa hospitali siku hiyo hiyo. Mmemleta. Sasa tunamchunga usiku na mchana, tuone mwili unasemaje."

"Atapona?" aliuliza mama mkwe.

"Kesho nitakujibu vizuri zaidi kuliko leo."

Wakatoka nje ya wodi. Kinyozi alikaa kwenye benchi, akaweka mikono katikati ya magoti.

"Mngeniambia homa, shemeji," alisema. "Ningeleta maji. Ningemcheka, ndiyo. Ningemcheka mpaka mwaka uishe. Lakini ningeleta maji."

Mama mkwe alikaa kando yake. "Tulijua utacheka."

"Na sasa ni nani ninayeweza kumcheka?"

Walikaa hivyo benchini mpaka giza likaingia.

Kesho haikujibu, ila kesho yake ilijibu. Fizi zilikauka. Fundi alikunywa kikombe kizima cha maji bila kutishwa, akaomba kingine, akalalamika kwamba godoro lina mabonde. Daktari alisikia malalamiko, akaangalia vipimo, akatabasamu. Mama mkwe aligeukia ukuta, akafuta uso kwa kanga mpaka kanga ikalowa.

Mchana kinyozi aliingia wodini akiwa na chupa yenye kifuniko, ameibeba kwa heshima ya mtu anayebeba zawadi. Aliishika mbele ya macho ya mgonjwa. Ndani ya maji vidudu vilipinda, vikazama, vikapanda.

"Mzee Neti," alisema. "Wanao wamekuja kukuona."

Fundi alivitazama muda mrefu. "Umevitoa kwenye mfereji wako."

"Chini ya cherehani yako. Muulize mkwe wako, ndiye aliyenishikia taa. Mfereji wangu nimeupekua wote, hakuna hata mmoja wa hivi. Wamekwambia ni mbu wa maji safi, mzee. Kwangu wanaona kinyaa."

"Toa hicho kitu wodini," alisema muuguzi kutoka kitanda cha pili, na kinyozi akaificha chupa ndani ya shati.

Walikuwa wamefanya kazi kubwa asubuhi ile, yeye na mkaza mwana. Waliyamwaga mabeseni kwenye mchanga mkavu, wakayasugua kuta zake kwa brashi na sabuni, kwa kuwa daktari alisema mayai hunata pembeni na huweza kungoja yakiwa makavu mpaka maji yarudi. Pipa la nyumbani likapata mfuniko. Kwenye kibanda cha kinyozi, juu ya bati, wakakuta kopo la rangi limejaa mvua, na humo pia kulikuwa na familia. Kinyozi alilimwaga haraka, akamtazama msichana kwa wasiwasi.

"Hili hukuliona," alisema.

Msichana alitabasamu. Hilo nalo akalihifadhi.

"Kanda nitalowekea wapi?" aliuliza Fundi.

"Loweka asubuhi, mwaga jioni," alisema mkewe. "Na utavaa soksi. Na suruali ndefu. Na utajipaka mafuta ya kufukuza mbu miguuni, kila siku, hata kama yananuka."

"Wateja watasemaje?"

"Watasema fundi anaishi."

Muuguzi alifika na chandarua mikononi. Alisema mgonjwa wa dengi hulala ndani ya chandarua hata mchana katika siku zake za homa, kwa sababu mbu akimuuma yeye huupeleka ugonjwa kwa mwingine. Mzee huyu homa imekwisha, lakini kitanda cha jirani kina homa mpya, kwa hiyo wote watafungiwa. Alikitundika, akakishusha. Fundi aliukodolea macho ukanda wa juu, ulioshonwa kwa uzi wa buluu juu ya kitambaa cheupe. Hakuna mwingine mjini aliyeshona hivyo. Aliinua kidevu kidogo, akangoja.

Muuguzi alichomeka upande wa kulia chini ya godoro. Upande wa kushoto ukachomoka. Akazunguka, akachomeka wa kushoto. Wa kulia ukachomoka. Akasimama, mikono kiunoni.

"Sijui nani anatushonea hivi," alisema. "Ukivuta huku, huku kunabaki wazi. Mbu wanapita kama mlango wa sokoni."

Mama mkwe aliangalia dari. Kinyozi alipata kazi ya ghafla ya kukichunguza kifungo cha shati lake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ndani ya chandarua, Fundi alisafisha koo.

"Kitanda hiki ni kipana mno," alisema. "Vya siku hizi hawavipimi."

"Kipana wapi, baba, mbona umejaa wewe peke yako?"

"Godoro basi. Godoro ni nene. Fundi wa watu usimlaumu, huenda alipewa vipimo vya uongo."

Muuguzi alivuta tena, akaacha, akaenda kutafuta pini. Fundi aligeuza uso kuwatazama watu wake kupitia matundu madogo ya kazi yake mwenyewe, akitafuta mmoja wa kumuunga mkono. Macho ya mkewe hayakushuka kutoka darini. Kinyozi alikuwa bado anatikisika mabega. Macho yake yakaishia kwa mkaza mwana, ambaye hajawahi kumpinga, wala yeye wala mtu mwingine.

"Mwanangu," alisema. "Waambie."

Msichana alisogea kitandani. Alishika ukingo wa chandarua uliokuwa ukining'inia hewani juu ya godoro, akaunyoosha kwa vidole, akaupima kwa kiganja mpaka pale ulipopaswa kufika. Viganja viwili na ushee. Alikuwa ameyajua hayo tangu juma la kwanza la ndoa yake, alipotandika kitanda chake mwenyewe.

"Ni vifupi, baba," alisema. "Vyote. Huwa unabana kitambaa."